Sifuri Iliyogeuzwa Sita: Tageti, Mikopo na Furaha ya Kazi

Fomu ya tathmini ya mkopo mdogo huwa karatasi moja, pande mbili. Upande wa nyuma, katikati, kuna mstari wa "Mauzo ya siku". Mstari huo ndio unaoamua kama taasisi ya mikopo itasimama au itaanguka. Pia ndio unaoamua jambo ambalo mameneja wengi hulitafuta kwenye semina na mabonanza: kama afisa mikopo atakwenda nyumbani jioni akiwa na amani au akiwa na kinyongo na nafsi yake.

Tumchukue mama ntilie mwenye banda la meza tatu karibu na kituo cha daladala. Anauza shilingi 70,000 kwa siku. Mchele, unga, maharage, nyama, mafuta na mkaa vinakula 48,000. Binti anayemsaidia analipwa 6,000. Ushuru na mzoa taka, 1,000. Zinabaki 15,000, ambazo kwa siku 26 za kazi ni 390,000. Lakini nyumbani kwake watu wanakula, wanaugua na wanapanda gari hata siku ambazo banda limefungwa: 8,000 kwa siku 30 ni 240,000. Mkononi zinabaki 150,000 kwa mwezi. Mkopeshaji makini hazigusi zote. Anaacha theluthi moja kwa ajili ya mvua, msiba na mgonjwa, kwa hiyo uwezo wa mama huyu kurejesha ni shilingi 100,000 kwa mwezi.

Anaomba milioni moja, miezi sita. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayopigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 210,000 na rejesho ni 201,667 kila mwezi. Ana 150,000 tu, hata akiitoa yote na ile theluthi ya akiba. Kila mwezi atapungukiwa na zaidi ya 51,000, na pengo hilo lipo tangu siku ya kwanza, kabla sufuria haijainjikwa.

Afisa mikopo anaiona hesabu hiyo. Anajua pia kwamba leo ni tarehe 27, tageti yake ni kutoa milioni 30 na amefikisha milioni 29. Anaweka kalamu juu ya sifuri ya kwanza katika 70,000, anaichorea mkia kwenda juu, na sifuri inakuwa 6. Mauzo sasa ni 76,000. Faida ya siku inapanda hadi 21,000, ya mwezi hadi 546,000. Ukitoa matumizi ya nyumbani zinabaki 306,000, na theluthi mbili ya hizo ni 204,000. Rejesho la 201,667 linaenea, limebakisha nafasi ya shilingi elfu mbili. Fomu inapita, meneja anasaini, mama anapewa fedha, na kila mmoja anapongezwa.

Afisa huyu hakuzaliwa mwongo. Wengi wanaoingia kazi hii ni vijana waliosoma uhasibu, kilimo biashara au maendeleo ya jamii, wakiamini kwamba mtaji wa laki tano unaweza kumtoa mtu mahali. Wanaamini kweli, na wako sahihi. Kinachowachosha ndani ya mwaka mmoja au miwili sio jua wala pikipiki. Ni kufanya kila siku jambo ambalo wasingependa mama zao walijue. Ndiyo maana nasema kazi hupoteza maana pale utaratibu wa kazi unapomlazimisha mtu mwema kudanganya ili abaki kazini, na uongozi wenye maadili ni kuuondoa ulazima huo kipengele kwa kipengele: kwenye fomu, kwenye bonasi, kwenye idadi ya wateja na kwenye hati ya mshahara. Fulana za taasisi na mashairi ya dira na dhamira yaliyobandikwa ukutani haviigusi ile sifuri.

Fuata kinachotokea baada ya hapo. Rejesho la kwanza mama analipa, maana bado ana sehemu ya mkopo wenyewe mfukoni. Analipa deni kwa fedha ya deni. La pili anakopa kwa jirani. La tatu anakwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali wa mtaani, ambao hawaulizi mauzo. La nne, wenzake wa kikundi wanachangishwa huku wakimtukana. La tano afisa mwenyewe anatoa 50,000 mfukoni mwake ili jina la mteja lisisomwe kwenye ripoti, au anamwombea mkopo mpya wa kulipia wa zamani. Ripoti ya tawi inaonyesha mikopo yote ni mizima. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yana waombolezaji wawili, mkopaji na aliyemkopesha.

Haya yameshatokea mahali pakubwa kuliko matawi yetu, na kumbukumbu zake ziko wazi. Septemba 2016, benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kuwa wafanyakazi wake walifungua akaunti zipatazo milioni 2 bila ridhaa ya wateja. Mwaka uliofuata makadirio yalipanda hadi milioni 3.5. Benki ilikuwa imejiwekea shabaha ya kumuuzia kila mteja huduma nane. Wahudumu wa kaunta walibanwa kila siku, wengine zaidi ya mara moja kwa siku, waeleze wameuza ngapi. Wafanyakazi wapatao 5,300 walifukuzwa, wengi wao wa ngazi za chini, na mwanzoni viongozi wa juu waliwatupia lawama hao hao. Wapo waliokuwa wametoa taarifa ndani ya benki na kuishia kuondolewa. Mwaka 2017 mamlaka za kazi za Marekani ziliamuru mmoja wao arudishwe na alipwe dola milioni 5.4. Mkurugenzi mtendaji, John Stumpf, aliondoka Oktoba 2016. Mwaka 2020 benki ikakubali kulipa dola bilioni 3 nyingine.

Watu 5,300 hawawezi kuamka asubuhi moja wakiwa wezi kwa hiari yao. Ukiona idadi kama hiyo, angalia namba waliyopewa waifikie, na angalia nini kiliwapata walioshindwa kuifikia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mama ntilie wetu. Mwaka 2006 Muhammad Yunus na Grameen Bank ya Bangladesh walipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na mikopo midogo ikaonekana duniani kote kama dawa ya umaskini. Miaka minne baadaye, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, makampuni ya mikopo yaliyokuwa yakishindana kukua yalikuwa yamewapa wanawake wale wale mikopo mitatu au minne kila mmoja. Kukawa na vitisho wakati wa kukusanya na taarifa za watu kujiua. Oktoba 2010 serikali ya jimbo ikaweka sheria kali, wateja wakaacha kulipa kwa wingi, na makampuni yaliyosifiwa kwa marejesho ya karibu asilimia 100 yakajikuta yanakusanya kidogo sana jimboni humo. Ile asilimia 100 kwa sehemu ilikuwa imejengwa kwa mikopo inayolipana yenyewe kwa yenyewe.

Tuanze na riba, kwa sababu ndipo uongo wa kwanza unapoingia, na mara nyingi unaingia ukiwa umeandikwa na makao makuu. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Lakini asilimia 3.5 ina sura mbili. Ikipigwa juu ya deni linalopungua, milioni moja kwa miezi sita ina rejesho la 187,668 na riba yote ni karibu 126,000. Ikipigwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho, riba ni 210,000, sawa na kutoza karibu asilimia 5.7 kwa mwezi juu ya deni linalopungua. Tofauti ni 84,000, faida halisi ya zaidi ya siku tano za banda la mama ntilie. Ongeza ada ya fomu 30,000 na akiba ya lazima ya asilimia 10 inayokatwa mlangoni: anayesaini milioni moja anatoka na 870,000.

Afisa anayefundishwa kusema "ni asilimia 3.5 tu mama" anafundishwa kudanganya kwa sentensi ambayo haina neno la uongo. Dawa yake ni kadi moja ndogo, inayojazwa mbele ya mteja kabla hajasaini, yenye mistari minne kwa shilingi, bila asilimia: utakayopokea mkononi, utakayolipa kila mwezi, utakayolipa jumla, na tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu. Mteja abaki na nakala. Mameneja huogopa kadi hii kwa kuwa wanaona wateja watakimbia. Baadhi watakimbia, hasa wale ambao wasingelipa. Wanaobaki hawaji tena na ule ugomvi wa mwezi wa tatu wa "mbona hamkuniambia", na afisa anaacha kupita njia za uchochoroni kuwakwepa watu aliowakopesha.

Sasa bonasi, ambayo ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Utaratibu wa kawaida ni huu: mshahara 450,000, na bonasi ya asilimia 1 ya fedha iliyotolewa, ilimradi tageti ifikiwe. Akitoa milioni 30 anapata 300,000. Akitoa milioni 29 hapati kitu. Yaani mkopo mmoja wa mwisho wa mwezi una thamani ya theluthi mbili ya mshahara wake. Kiongozi aliyeweka utaratibu huo amekwishaichora ile 6. Afisa anashika kalamu tu.

Wengi wakiona tatizo hili hukimbilia upande wa pili: wanalipa bonasi kwa marejesho peke yake. Huko nako kuna shimo. Afisa anayelipwa kwa marejesho tu atamkopesha asiyehitaji, atamwacha anayeanza biashara, ataficha uchelewaji kwa mkopo juu ya mkopo, na atakwenda kugonga mlango wa mdaiwa saa mbili usiku. Namba moja ikiachiwa itawale, watu huifikia kwa njia yoyote.

Utaratibu unaofaa una sehemu nne, na zinategemeana. Kwanza, mshahara uwe mkubwa na bonasi iwe ndogo: jumla ya 750,000 ile ile igawanywe 600,000 mshahara na 150,000 bonasi ya juu kabisa. Pili, bonasi ipande taratibu, isiwe ya kupata yote au kukosa yote. Mtu akifikia asilimia 80 ya lengo apate sehemu, akifikia 100 apate yote, akipita 100 asipate zaidi. Kikomo hicho cha juu kinawashangaza wenye taasisi, lakini ndicho kinachoondoa tamaa ya tarehe 27. Tatu, nusu ya bonasi ishikiliwe mpaka mikopo iliyotolewa mwezi huo ipite rejesho la nne bila kupewa mkopo wa kufunika. Nimetaja la nne makusudi: la kwanza mtu anaweza kulilipa kwa mkopo wenyewe na la pili kwa kukopa kwa jirani, kama tulivyoona.

Sehemu ya nne ni simu. Mtu mmoja asiyesimamiwa na meneja wa tawi awapigie wateja kila mwezi, walau kumi kwa kila afisa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, awaulize maswali matano: ulipokea shilingi ngapi mkononi, kuna mtu ulimpa chochote ili upate mkopo, unauza ngapi kwa siku, nani alilipa rejesho lililopita, na kuna aliyekutukana. Swali la tatu ndilo linaloilinda sifuri. Simu hizi zikifanywa na bosi wa afisa huyo huyo hazina maana, maana bosi naye anapimwa kwa tageti ile ile.

Idadi ya wateja ni jambo dogo kulieleza, ila ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani 180 kwa wiki nne. Tathmini ya kweli ya mkopo mpya, ukienda kwenye biashara, ukienda nyumbani na ukazungumza na jirani mmoja, inachukua kama saa mbili. Mikopo mipya 30 ni saa 60. Zimebaki 120. Ukimpa afisa wateja 400, kila mmoja ana dakika 18 kwa mwezi mzima, pamoja na foleni, mvua, kumsubiri mwenyekiti wa kikundi na kuandika ripoti. Hakuna binadamu anayeweza kumjua mteja kwa dakika 18. Atajaza fomu akiwa amekaa kwenye pikipiki. Wateja 250 wanampa karibu dakika 29, na hapo ndipo anapoanza kujua kwamba mama ntilie ana mgonjwa, kabla rejesho halijachelewa.

Kisha kuna makato. Ni desturi mbaya iliyozoeleka: mteja akitoroka, afisa anakatwa mshahara. Wengi hawajui kwamba kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kimeliwekea jambo hili masharti mazito. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima ampe maelezo ya maandishi ya chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Lazima ampe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mteja aliyefilisika kwa mafuriko hajawa kosa la afisa. Anayekatwa kinyume cha masharti hayo anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.

Lakini naliweka jambo hili kwa kiongozi kabla ya mwanasheria. Ukimkata afisa kwa kila mkopo unaokufa, umemfundisha kuficha maiti. Hatakuambia mteja anayumba siku ya tatu ya kuchelewa, wakati bado mnaweza kukaa na kumwongezea miezi miwili. Atakuambia siku ya 90, mkopo ukiwa umeshakuwa chechefu, yaani umekwama na huenda usilipwe tena. Benki Kuu hutaka mikopo chechefu isizidi asilimia 5. Taasisi yenye makato makali inaweza kuonyesha asilimia 2 kwenye ripoti huku imejaa viraka ndani.

Kikao cha asubuhi nacho kinahitaji kutazamwa. Katika matawi mengi saa mbili kasoro, majina ya maafisa walio nyuma husomwa mbele ya wenzao, wakati mwingine wanasimamishwa, wakati mwingine wanatukanwa. Nchi hii ina historia na jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi majivuno, fahari, dharau na uonevu kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi waliushika kama hati yao. Katika miaka michache iliyofuata viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilishuhudia migomo ambayo chanzo chake hakikuwa mshahara: ilikuwa lugha ya meneja, kudharauliwa, kufokewa mbele ya watu. Watu wa kipato kidogo kabisa walikuwa tayari kuupoteza mshahara wa siku kwa ajili ya heshima. Meneja wa leo anayedhani kijana wa miaka 26 atavumilia kutukanwa kwa sababu ajira ni ngumu anajidanganya nusu. Atavumilia, ni kweli, lakini hatakuambia ukweli tena.

Kikao kizuri cha asubuhi ni cha dakika 20 na kina swali moja: nani ana mteja aliyechelewa siku moja hadi tatu, na anahitaji msaada gani leo? Anayetaja wa kwanza anashukuriwa. Majina ya walio nyuma yanazungumzwa ofisini, mlango umefungwa. Na meneja wa tawi, siku moja kila mwezi, apande pikipiki na afisa mmoja kutoka asubuhi hadi jioni, asiwe mkaguzi, awe msaidizi. Huko atajua mengi ambayo ripoti haisemi.

Nizungumzie pia wakopeshaji wa kwenye simu, maana huko kazi imekatwa vipande mpaka haina ladha. Mmoja anatafuta wateja, programu inaamua nani apewe, mwingine aliyekaa chumba cha simu anadai watu ambao hajawahi kuwaona. Watafiti wa Marekani Richard Hackman na Greg Oldham walieleza tangu miaka ya 1970 kwamba moja ya mambo yanayoipa kazi maana ni mtu kuifanya nzima, mwanzo hadi mwisho, aone alichokizalisha. Mdai wa kwenye simu anaona kipande kibaya tu. Hajui mkopo ulinunua nini. Anajua jina, namba, siku zilizochelewa na orodha ya ndugu wa kuwaaibisha. Kenya, kwa kanuni za Benki Kuu yake za mwaka 2022, ilipiga marufuku vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya mawasiliano ya mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo huzungumzwa kama ulinzi wa mkopaji. Zinamlinda pia kijana wa chumba cha simu, ambaye kutwa nzima hulipwa kutukana wazazi wa watu.

Kinyume cha hilo ni rahisi na hakigharimu kitu. Mwanasaikolojia Adam Grant, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, aliwakutanisha kwa muda mfupi wapiga simu wa kuchangisha fedha za chuo kikuu na mwanafunzi aliyesomeshwa na fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao wa kuzungumza na wachangiaji ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili. Hawakuongezwa mshahara. Walimwona mtu. Kwa taasisi ya mikopo maana yake ni ziara moja baada ya mkopo kumalizika, isiyo ya kuuza mkopo mwingine: afisa anakwenda kuangalia biashara iko wapi, na anaandika mistari mitatu kwenye faili. Iwekwe kwenye ratiba na ihesabiwe kama kazi, vinginevyo itamezwa na tageti.

Hapa kuna hatari ninayotaka kuisema waziwazi. Neno "maana" linaweza kutumika kumnyonya mtu. Walimu, wauguzi na watumishi wa mashirika ya hisani wanalijua hili: unaambiwa kazi yako ni wito, kisha unaombwa ubaki hadi saa mbili usiku bure. Sheria ni ile ile kwa mwenye wito na asiye na wito: saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, zisizidi 50 katika wiki nne, na baada ya saa tano mfululizo kuna mapumziko ya dakika 60. Michango ya NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa pamoja, ipelekwe kila mwezi. Kuna waajiri wanaokata ya mfanyakazi na kukaa nayo. Mwenye kufanya hivyo asizungumze habari ya furaha kazini. Arudishe kwanza fedha ya watu.

Na yote haya yana gharama. Kiongozi anayebadilisha bonasi ategemee utoaji wa mikopo kushuka katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Baadhi ya maafisa hodari wa zamani wataondoka kwenda kwa mshindani mwenye tageti ya zamani. Mwenye mtaji lazima aambiwe hivyo kabla, kwa namba, vinginevyo atapaniki mwezi wa pili na kurudisha kila kitu. Namba ya kumwonyesha ni hii: mkopo mzuri wa milioni moja kwa miezi sita, kwa riba ya deni linalopungua, unaingiza 126,000 kabla ya mishahara na pango. Mkopo mmoja wa milioni ukipotea wote, inahitajika mikopo karibu minane mizuri kurudisha mtaji tu. Mama ntilie angepewa 500,000 badala ya milioni, rejesho lake lingekuwa chini ya 94,000, ndani ya uwezo wake wa 100,000, na taasisi ingepata riba ya karibu 63,000 na mteja wa kurudi.

Mkurugenzi anayetaka kujua hali ya nyumba yake hahitaji kuita mshauri. Jumatatu achukue kutoka tawi moja fomu 20 zilizoidhinishwa wiki ya kwanza ya mwezi na 20 za wiki ya mwisho, za biashara zinazofanana: genge kwa genge, saluni kwa saluni. Alinganishe mstari wa "Mauzo ya siku". Kama mauzo ya wiki ya mwisho ni makubwa, na rejesho linaenea kwa nafasi ya elfu mbili au tatu katika fomu nyingi mno, asimwite afisa. Afungue kwanza barua ya tageti aliyoisaini yeye mwenyewe mwezi uliopita. Halafu achukue simu, amtafute mama wa kwanza kwenye rundo la pili, amsalimie, amuulize anauza shilingi ngapi kwa siku.